Jeshi la Mama Barbour

Kazi ya kuwatoa watu kwenye nyumba hufanywa mchana. Dalali wa mahakama huja saa ambazo wanaume wako kazini, akitaraji kumkuta mwanamke mmoja, watoto wawili watatu na vyombo vichache vya kutupa nje. Ndivyo mambo yalivyokuwa hata Govan, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa mto Clyde katika jiji la Glasgow, Uskoti, hadi mwaka 1915. Mwaka huo mchezo ukageuka. Penye lango la kila jengo aliketi mama mmoja na kengele mkononi. Akiona wanaume wenye makaratasi wanakata kona, aliitikisa. Wanawake waliacha sufuria jikoni na nguo kwenye beseni, wakajaza ngazi kuanzia chini hadi juu: huyu ana vifuko vya unga, yule ana shuka linalochuruzika maji, mwingine anazungusha kile chombo cha mbao cha kupigia makelele uwanjani. Dalali aliyepanda kwa haraka alishuka kwa haraka zaidi, ameloa na unga umemganda kofiani.

Aliyekuwa akiwapanga wanawake hao ni mke wa fundi wa meli, umri wake miaka arobaini, jina lake Mary Barbour. Hakuwa na kura ya kumchagua mbunge, kwa kuwa hakuna mwanamke yeyote wa Uingereza aliyekuwa nayo. Mwanasiasa wa mrengo wa kushoto Willie Gallacher, aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake, ndiye aliyeandika baadaye juu ya "Jeshi la Mama Barbour", na jina likashika.

Wapenzi wa mpira wanaijua Govan kwa sababu nyingine. Ndiko alikozaliwa Alex Ferguson, na uwanja wa Ibrox wa Rangers uko huko huko. Watu wa Mwanza, Bukoba na Kisumu nao wana deni dogo kwa mto Clyde: MV Victoria, meli iliyovusha vizazi viwili vya abiria wa Ziwa Victoria, iliundwa na kampuni ya Yarrow jijini Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Mto huo ulilisha watu kwa chuma. Govan ilikuwa na karakana kubwa ya meli ya Fairfield, na filimbi yake ya asubuhi ndiyo iliyowaamsha watu mtaa mzima.

Mary hakuzaliwa hapo. Alizaliwa tarehe 20 Februari 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, magharibi mwa Glasgow, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa mfumaji wa mazulia. Familia ilihamia Elderslie, naye akaingia kiwandani akiwa bado msichana, kwanza kusokota nyuzi, baadaye kupiga rangi mazulia. Mwaka 1896 aliolewa na David Barbour, fundi wa mitambo. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga kwa homa ya uti wa mgongo. Baadaye walijaliwa watoto wa kiume wawili, wakahamia Govan na kupanga nyumba kama majirani zao wote.

Hakuna shule ya siasa aliyopitia, isipokuwa ile ya ushirika. Waskoti wa tabaka lake walinunua unga, chai na viatu kwenye duka la ushirika wao, na hesabu zikifungwa kila mwanachama alipata gawio kwa kadiri alivyonunua. Wanawake walikuwa na chama chao ndani ya ushirika, na Mary alijiunga na kile cha Kinning Park. Anayekijua kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake hatahitaji maelezo marefu. Kuna mwenyekiti, kuna katibu anayeandika kumbukumbu za kikao, kuna mweka hazina ambaye daftari lake linakaguliwa na kila jicho. Mtu anajifunza kusimama na kusema mbele ya wenzake bila sauti kutetemeka. Anajifunza pia kushindwa kwa kura na kurudi wiki inayofuata. Mary aliongeza hapo uanachama wa Independent Labour Party, chama cha wajamaa, na kuwafundisha watoto katika shule ya Jumapili ya kijamaa.

Nyumba zenyewe zilikuwa majengo ya mawe ya ghorofa tatu au nne, ngazi moja ikihudumia familia nyingi. Wengi waliishi kwenye chumba kimoja au viwili. Kitanda kilijengwa ndani ya ukuta wa jikoni ili kuokoa nafasi, na choo kilikuwa cha pamoja, pale ngazi inapopinda. Uani kulikuwa na banda la kufulia, na ufunguo wake ulizunguka kutoka mlango hadi mlango: leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Kusafisha ngazi nako kulikuwa kwa zamu, na kadi ya kukumbusha zamu ilining'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa anayehusika. Ole wake aliyeipuuza kadi hiyo.

Nayataja mambo haya kwa makusudi, kwa sababu wanaoandika historia ya mgomo wa kodi ya nyumba wa Glasgow hupenda kuanza na wahutubiaji. Mimi naona chanzo ni ufunguo na kadi. Wanawake wa ngazi moja walikuwa wamezoea kugawana zamu na kufuatilia nani ametimiza na nani hajatimiza, na kila mmoja alijua hali ya mwenzake: nani mjamzito, nani mumewe amepelekwa vitani, nani amebakiza shilingi ngapi hadi Ijumaa. Kilichobaki kilikuwa kumpa mtu wa zamu kengele badala ya ufagio.

Vita vilipoanza Agosti 1914, maelfu ya mafundi na vibarua walimiminika Glasgow kutengeneza meli na silaha. Nyumba mpya hazikujengwa. Wenye nyumba wakaona neema imewashukia, wakapandisha kodi, kwingine hadi kwa robo nzima. Waliokuwa na nafasi ndogo kabisa ya kukataa ni wake wa askari, ambao waume zao walikuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa huku wao wakisubiri posho ya jeshi. Huko Shettleston, mashariki mwa jiji, familia ya askari aliyejeruhiwa ilitakiwa kutoka kwa deni dogo la kodi, na majirani wakakusanyika kuilinda. Habari hiyo ilienea, na hasira nayo ikaenea.

Mwaka 1914 kilikuwa kimeshaundwa Chama cha Wanawake cha Makazi cha Glasgow, na Mary Barbour akaendesha tawi la Govan kusini. Alikuwa pamoja na wanawake wengine walioacha majina: Mary Laird, Agnes Dollan, Helen Crawfurd, Jean Ferguson. Msimamo wao ulikuwa rahisi kueleweka na mgumu kuvunjwa. Kodi ya zamani tutalipa, nyongeza hatulipi, na nyumbani hatutoki. Matangazo yenye maneno ya namna hiyo yalibandikwa kwenye madirisha, dirisha baada ya dirisha, hata mtaa mzima ukawa unasomeka kama gazeti. Vikao vilifanyika jikoni na uani, penye kamba za nguo. Kila ngazi ilijua namna ya kuitana.

Mawakala wa wenye nyumba nao hawakuwa wajinga. Helen Crawfurd alisimulia kisa cha wakala mmoja aliyepita mlango kwa mlango akiwaambia akina mama kwamba wenzao wote wameshalipa nyongeza, wamebaki wao tu. Baadhi wakaingiwa na hofu, wakatoa pesa. Uongo ulipogundulika, Mary Barbour alikwenda kuwatoa wanaume kwenye karakana. Akawaongoza, wakiwa bado weusi kwa masizi, hadi ofisini kwa wakala, akadai fedha zirudishwe. Wakala alichungulia nje, akawaona waliojaa barabarani, akafungua sanduku na kurejesha. Kisa hicho kinamweleza mwanamke huyu kuliko picha yake yoyote. Hakuridhika na kumwita mtu mwongo. Alitaka kila shilingi irudi mkononi mwa aliyeitoa.

Kufikia Novemba 1915 kaya zaidi ya 20,000 zilikuwa kwenye mgomo. Kuwatoa wapangaji kwa nguvu kulikuwa kumeshindikana, maana kila ngazi ilikuwa ngome. Ndipo wakala mmoja akabuni njia nyingine, nayo ilikuwa ya akili kweli. Aliwapeleka wapangaji 18 kwenye mahakama ya madeni madogo, nia yake nyongeza ikatwe moja kwa moja kwenye mishahara yao. Kwa hesabu yake, kengele za akina mama zisingefika dirisha la mhasibu wa kiwanda.

Hapo ndipo alipokosea. Alipoigusa mishahara alivitoa vita ngazini akaviingiza karakanani. Tarehe 17 Novemba 1915, siku ya kesi, wanawake wa Govan na wa mtaa wa Partick waliandamana kuelekea mahakamani, na wafanyakazi wa meli na silaha wakaweka nyundo chini na kuungana nao. Maelfu walizingira mahakama. Mwalimu John Maclean, msoshalisti mwenye ulimi mkali, alihutubia akiwa amebebwa juu ya watu. Ndani, hakimu alipokea wajumbe waliomwambia wazi kwamba kesi ikiendelea, mitambo haitawashwa. Serikali iliyokuwa ikihesabu kila kombora ikapigiwa simu London, kwa waziri wa silaha, David Lloyd George. Kesi ikatupwa. Kabla mwaka haujaisha, bunge likapitisha sheria ya kurudisha kodi za nyumba za watu wa kipato cha chini kwenye kiwango cha Agosti 1914. Haikuwa ya Glasgow peke yake. Ilikuwa ya Uingereza nzima.

Watu wengi wangeishia hapo, na waandishi wengi huishia hapo. Kwangu mimi sehemu iliyobaki ndiyo yenye uzito, ingawa haina kengele wala unga.

Mary Barbour alipita kwanza katika harakati za wanawake za kupinga vita, alizozianzisha na akina Crawfurd na Dollan mwaka 1916, wakati ambapo kusema neno amani kulitosha kumfanya mtu aitwe msaliti. Mwaka 1918 wanawake wa miaka 30 na zaidi, waliotimiza masharti fulani ya makazi, wakapata kura ya bunge. Novemba 1920 Mary akagombea udiwani wa kata ya Fairfield kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda. Alikuwa mmoja wa wanawake watano walioingia baraza la jiji la Glasgow mwaka huo, wa kwanza kabisa kukalia viti hivyo.

Tazama mambo aliyoyapeleka barazani: mabanda ya kufulia, mabafu, maziwa safi ya bure kwa watoto wa shule, vituo vya afya ya mama na mtoto, viwanja vya kuchezea, wasaidizi wa nyumbani kwa wazazi na wagonjwa, benki ya jiji. Wapo madiwani wanaume ambao hawakuwahi kufua shuka maishani mwao, na kwao orodha kama hii ni mambo madogo ya jikoni. Lakini fikiria mama mwenye watoto watano katika chumba kimoja, nguo za mtoto mgonjwa zimetundikwa juu ya kitanda kwa sababu mvua ya Glasgow haina siku ya kupumzika. Unyevu unaingia kwenye vifua vya watoto. Banda la kufulia la jiji, lenye maji ya moto na mashine ya kukausha, linaondoa hewa mbaya ndani ya nyumba. Vivyo hivyo maziwa. Glasgow ilijulikana kwa watoto wenye matege, mifupa imepinda kwa lishe duni na kukosa jua kwenye vichochoro vya mawe. Hapo bajeti ya maziwa ni siasa halisi, tena siasa ya mtu aliyewahi kumzika mtoto.

Kati ya mwaka 1924 na 1927 alikuwa hakimu wa jiji, cheo ambacho diwani huchaguliwa na wenzake kukishika, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukipata Glasgow. Mke wa fundi, aliyewahi kuwatupia madalali wa mahakama nguo mbichi, sasa alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha hukumu. Sijui kama mahakama za Glasgow ziliwahi kuona kicheko cha haki kikubwa kuliko hicho.

Jambo lake gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa mgomo. Katikati ya miaka ya 1920 alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyofungua kliniki ya kwanza ya uzazi wa mpango jijini, Govan hapo hapo. Wakati huo viongozi wa dini walilipinga jambo hilo hadharani. Labour yenyewe ilitegemea kura nyingi za Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na viongozi wake wengi waliona afadhali kunyamaza. Kliniki iliendeshwa kwa michango, ikihudumiwa na madaktari na wauguzi wanawake, ikiwapokea wake za watu waliochoka kuzaa kila mwaka katika chumba kisicho na pa kulaza mtoto wa nne. Diwani anayetaka kuchaguliwa tena hujiepusha na mambo kama hayo. Yeye aliweka jina lake mbele, na wananchi wa Fairfield wakaendelea kumchagua hadi alipoacha siasa mwaka 1931.

Baada ya hapo aliendelea kuishi Govan, akishughulika na kamati za ustawi na kuwapangia watoto wa maskini safari za kwenda pwani. Alifariki tarehe 2 Aprili 1958, akiwa na miaka 83.

Hakuandika kitabu cha maisha yake. Maclean, Gallacher na wanaume wengine wa Clyde waliandika au waliandikiwa, na kwa miaka mingi kila aliyetaja "Clyde Nyekundu", jina walilopewa wapiganaji hao wa mtoni Clyde, alianza na wao, akina mama wakiwekwa kwenye aya moja ya unga na kengele. Glasgow ni jiji la sanamu nyingi, lakini hadi mwaka 2018 wanawake waliosimamishiwa sanamu humo walikuwa watatu tu: Malkia Victoria, Isabella Elder aliyekuwa mke wa tajiri wa meli, na Mhispania Dolores Ibárruri. Mwanamke wa tabaka la wafanyakazi wa Glasgow mwenyewe hakuwemo. Ilibidi wakazi waunde chama mwaka 2013, wachangishe fedha na kusumbua ofisi kwa miaka mitano. Tarehe 8 Machi 2018, siku ya wanawake duniani, sanamu ya shaba iliyochongwa na Andrew Brown ilizinduliwa penye njia panda ya Govan, Mama Barbour akiwa mbele na msururu wa watu nyuma yake. Ni heshima nzuri, ila imechelewa miaka sitini tangu kifo chake, na ucheleweshaji huo ni aibu ya jiji.

Ile sheria ya 1915 ilikusudiwa kudumu kwa muda wa vita tu. Udhibiti wa kodi Uingereza, kwa sura moja au nyingine, uliishi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nao ulisafiri. Mwaka 1940, vita vingine vikiwa vimeanza, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria yake ya kuzuia kodi kupandishwa, ikaazima hata maneno ya jina la ile ya Uingereza. Kenya bado ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi na baraza la kusikiliza malalamiko ya wapangaji, lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho Nairobi ya leo nyumba yake utaitafuta kwa tochi. Tanzania nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Leo mpangaji wa Dar es Salaam anaambiwa alete kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake na ada ya dalali wa nyumba, na analeta.

Mwenye nyumba hatakuja kuomba sheria hizo zirekebishwe, na mbunge mwenye nyumba za kupangisha hana haraka na jambo hilo. Wapangaji wana diwani wao, wana mwenyekiti wao wa mtaa, na wana akina mama wa vikundi ambao madaftari yao yako sawa kila Jumapili. Waanze na hao.